Mianzo Arobaini na Moja

Kapiri, karibu na stesheni
Februari 1997

Dada Skola,

Baba tulimpoteza Jumanne, mwezi wa nane mwaka jana, na mimi mwanawe wa pekee wa kiume nikaambiwa siku ya ishirini na mbili tangu afariki. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo lililonifanya ninyamaze miezi mitano, na barua zako mbili nikaziweka juu ya kabati bila kuzijibu. Leo nazijibu zote mbili kwa pamoja.

Shikamoo dada. Hali yako? Mguu wa mama bado unavimba ikifika jioni, au ile dawa ya kuchua imesaidia? Shemeji Damasi amepona kifua? Na mvua za huko je, shambani Michenga maji yamepanda kiasi cha kufunika majaruba ya chini, au mwaka huu mpunga umesimama vizuri? Mimi ni mzima. Macho ndiyo yanachoka, maana kulehemu vyuma vidogo kama mchwa kwa miaka sita si mchezo, lakini namshukuru Mungu, bado naona tundu la sindano.

Ukimsomea mama barua hii, msomee yote, hata pale nitakapojisema vibaya.

Unajua nilivyokuja huku ng'ambo ya mpaka. Niliteremka kwenye treni na bisibisi mbili na pasi moja ya kulehemu, simjui mtu. Leo nina kibanda chenye bati, meza mbili na bango lenye jina langu. Hakuna aliyenishika mkono. Kwa hiyo nilijizoesha kwenda mbio. Mtu akileta redio, kabla hajamaliza kueleza ugonjwa wake mimi nimeshaifungua. Kila mwaka nilikuwa nawaandikia kwamba nikimaliza kazi za mwezi huu nitakuja. Nimehesabu: nimeliandika neno hilo mara kumi na tatu. Baba alikuwa anazitunza barua zangu kwenye kopo la biskuti, kwa hiyo kama huamini zipo hapo nyumbani, zihesabu.

Sasa nikueleze jambo la kuchekesha kidogo. Huku watu wana mashine za gemu. Ni kiboksi unachokiunganisha na televisheni, unapachika kaseti pana kama kipande cha sabuni ya kufulia, halafu unashika kidude cha vitufe kinachoitwa pedi, na kimtu kilichoko kwenye kioo kinakwenda unakotaka wewe. Mashine zikifa zinaletwa kwangu. Nyingine hazifufuki, na mwenyewe akiona hivyo ananiachia kaseti zake: "Zichukue fundi, mimi za nini tena." Kwa miaka sita nimezitupia ndani ya boksi la maziwa ya kopo chini ya meza. Zilifika arobaini na moja.

Na hizo arobaini na moja, dada, sikuwahi kucheza hata moja. Nilikuwa nazitumia kupima mashine tu. Napachika, nawasha, picha ikitokea na muziki ukilia, nazima, namwita mwenye mashine. Kwa hiyo nimeona mianzo arobaini na moja, mwisho hata mmoja sikuujua.

Habari ya baba aliileta Mzee Kalisti wa Mlimba, yule anayepanda treni na magunia ya mchele kuja kuuza huku. Wewe ndiye uliyemtuma, na ulifanya kama inavyofanywa kwetu, msiba mkubwa haufungwi ndani ya bahasha, unabebwa na mtu mzima mdomoni. Alinikalisha, akamwita jirani yangu Mama Sekela awe shahidi, ndipo akasema. Nilifunga kibanda siku saba. Watu wa kwetu walioko hapa, na hawa wenyeji, walikuja wakakaa na mimi kwenye mkeka. Siku ya nane wakaondoka. Nikafungua kibanda, nikashika pasi ya kulehemu. Nikaiweka chini. Nikavuta boksi kwa mguu, nikatoa kaseti ya juu, nikapachika, nikawasha. Picha ikatokea, muziki ukalia. Kidole kikaenda kuzima kwa mazoea. Halafu nikajiuliza, nazima nikawahi wapi?

Nikaketi. Ndivyo ilivyoanza.

Tangu hapo nimejiwekea utaratibu. Saa kumi alasiri naacha kazi, liwe liwalo. Nacheza mpaka saa kumi na mbili, nafunga. Sigusi kaseti ya pili kabla ya ile ya kwanza kufika mwisho wake. Maandishi yake mengi ni ya Kijapani au Kichina, sijui, kwa hiyo nimezibatiza mwenyewe kwa kalamu. Kuna Mwizi wa Mitungi, kuna Ngazi Mbovu, kuna Bibi na Mbuzi. Ile ya Mitungi ilinikalisha mbele ya mlango mmoja siku kumi na moja. Napiga, naruka, narudi nyuma nakuja mbio, haufunguki. Siku ya kumi na mbili Mama Sekela akaniletea uji, nikaweka pedi mezani nipokee kikombe, kimtu kikabaki kimesimama pale mlangoni bila kufanya lolote. Mlango ukafunguka wenyewe! Kumbe ulitaka usimame tu. Nilicheka mpaka uji ukamwagika.

Huyo Mama Sekela ni wa upande wa Mbeya, anauza chakula pembeni yangu, na ulimi wake unaujua moto. Siku za mwanzo alikuwa anapita anasema kwa sauti ili wateja wake wasikie:

"Jamani njooni mwone! Mtu ana mvi kidevuni anapigana na ndege wa kwenye kioo!"

"Wewe nenda, ugali wako unaungua."

"Ugali wangu hauungui, unaoungua ni ubongo wako. Na huyo kushoto humwoni? Kushoto, fundi! Kushoto!"

Sasa ikifika saa kumi na robo anavuta kigoda chake mwenyewe.

Hiyo ya ndege ndiyo ninayotaka kukusimulia vizuri. Ni shamba, sijui la ngano au la mpunga, mimi nimeamua ni la mpunga. Katikati kuna mtu juu ya jukwaa. Ndege wanatoka angani, na wewe unawarushia mawe wasitue. Inakwenda kwa raundi. Nilifika raundi ya tisa nikakwama siku kumi na saba. Wanakuja kundi kwa kundi kama kwelea wa Michenga wenyewe. Narusha, narusha, mawe yananiishia, wanatua, shamba linakwisha, naambiwa nirudi mwanzo.

Siku ya kumi na nane nilimkumbuka baba juu ya dungu, jukwaa letu la shambani. Unakumbuka, ule mwaka tulioamia ndege sisi watatu, mama akabaki mjini kwa ajili ya kliniki? Wewe ulikuwa na kombeo, mimi nina debe bovu. Dungu linayumba kwa upepo na maji yako chini yetu. Asubuhi akapita ndege mmoja, nikaruka na debe langu nikapiga, nikapiga, nikapiga. Baba hakuinuka hata kidogo. Akasema: "Anse, huyo mwache. Huyo ametumwa aangalie kama tumeamka. Keti. Kundi likigeuka pamoja, tumbo likaonekana jeupe, hapo ndipo upige." Nikamuuliza, "Na wakichelewa kugeuka?" Akasema, "Basi utakuwa umepumzika." Wewe ulicheka, halafu ukalala, dada, usikatae. Ulilala na kombeo mkononi, na baba akakufunika na kanga yako.

Basi nikaweka pedi juu ya goti. Ndege wa kwanza akaja, nikamwacha. Wa pili, nikamwacha. Mama Sekela akawa anapiga kelele, "Wanaingia! Fundi umekufa? Wanaingia!" Nikangoja. Kundi likageuka, na nakwambia, wale waliotengeneza gemu ile nao wameona ndege kweli, maana matumbo yaligeuka meupe. Nikarusha jiwe moja. Kundi zima likapinda likaenda zake.

Raundi tatu zilizobaki, mpaka ya kumi na mbili, nilizimaliza kwa wiki mbili. Mwishoni hakuna zawadi yoyote, jua dogo linazama nyuma ya jukwaa, na yule mtu anakaa chini. Hayo tu. Nilimtazama amekaa mpaka Mama Sekela akaondoka na kigoda chake.

Nimemaliza saba mpaka sasa. Ya nane ni ya mtumbwi, na hiyo naipenda kwa namna nyingine. Unavuka mto wenye mikondo. Kuna kitufe cha kusimamisha, ukikibonyeza kila kitu kinakungoja ulipokiacha, lakini mimi hata sikibonyezi. Kuna sehemu mkondo umetulia, naacha mtumbwi unaelea naangalia maji tu, kama tulivyokuwa tukikaa Kivukoni kungoja pantoni irudi upande wetu, mama ametuwekea mihogo kwenye jani. Zimebaki thelathini na tatu sijazigusa. Zamani boksi lile lingenikosesha raha, ningeona deni la kazi. Sasa nikilitazama nafurahi kwamba bado limejaa.

Sasa nifike kwenye kosa langu, na hapa mama asikie vizuri.

Miezi mitano nilikuwa nakulaumu. Nilisema moyoni, Skola amemzika baba akaona mimi nitajua nitakapojua. Siku ishirini na mbili! Nilizihesabu kama mtu anayedai. Wiki iliyopita Mzee Kalisti akafika tena na mchele wake. Mama Sekela, kwa mdomo wake ule, akasema: "Mzee karibu. Leo angalau fundi hajakufukuza."

Nikauliza, "Nani alimfukuza?"

Mzee akaangalia chini. "Yamepita, mwanangu."

"Hayajapita. Lini?"

"Nilifika siku ya nne ya msiba," akasema. "Nikakuomba tukae. Ukasema redio yangu haijawa tayari, nije siku nyingine."

Dada, nilifungua daftari la kazi. Redio ya Mzee Kalisti ilikuwa kwangu tangu mwezi wa saba, na nilikuwa na aibu nayo kwa sababu sijaigusa. Nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe. Ijumaa: aje Jumatatu. Jumatatu: aje Jumatano. Jumatano: aje wiki ijayo. Mara tatu mzee wa watu alisimama mlangoni na msiba wa baba yangu kifuani, ananiambia "mwanangu, tukae kidogo," na mimi nikadhani anadai redio. Angefanyaje? Asingeweza kunitamkia kifo nimesimama, nina bisibisi mdomoni. Akaenda na mchele wake Ndola. Aliporudi nikamwona mbali, nikamwita mwenyewe kwa furaha: "Mzee, njoo ukae, leo redio yako inaimba!" Akakaa. Ndiyo siku ile.

Kwa hiyo nimerudia hesabu. Kati ya zile ishirini na mbili, tatu ni za treni. Kumi na nane ni zangu. Yako inabaki moja, ile ya kifo chenyewe, na hiyo ni ya Mungu. Ningeketi siku ile ya nne ningewahi kuwakuta bado mko kwenye mikeka. Nisamehe dada yangu. Umwambie na mama.

Lakini barua yako ya pili inasema msalaba wa kaburi mtauweka wiki ya pili baada ya Pasaka, kwa kuwa padre ana nafasi na sementi ipo. Hapo ndipo nakataa. Mwaka haujatimia, na mimi sipo. Kuzikwa alizikwa bila mimi, na sababu tumeiona. Msalaba nao mkiuweka bila mimi, sababu itakuwa nini?

Mpango wangu ni huu. Mwezi wa tano mwanzoni nashuka stesheni ya Ifakara. Usilitoe shamba la Michenga kwa mtu, nitajenga dungu mimi na nitaamia ndege mpaka mavuno, msimu mzima, na mama akitaka atakaa na mimi siku za jua jema. Nitakuja na televisheni ndogo ya betri ya gari, mashine moja na pedi mbili. Nataka mama aione ile ya ndege, nina hakika atanishinda. Mwezi wa nane, mwaka ukitimia, tuweke msalaba sisi sote. Kibanda nimeshapata wa kukiangalia, lakini anataka uhakika.

Nisalimie shemeji Damasi, mwambie ile baiskeli yake nitaitazama nikifika. Shangazi wa Masagati akishuka mjini mpe shikamoo yangu, na umwambie sijaoa ili asiulize. Mama mshike mikono yote miwili kwa niaba yangu.

Barua hii anaibeba Mzee Kalisti, na amenihakikishia anarudi kabla ya Ijumaa Kuu. Safari hii usimpe neno la mdomo. Andika kwenye karatasi, neno moja linatosha, ndiyo au hapana. Kigoda chake kipo tayari mlangoni, nami nitakuwa nimeshaketi. Mtaningoja?

Mdogo wako,
Anselimu