Kibanja Kisicho na Kaburi

S.L.P. 27,
Muleba,
Mkoa wa Ziwa Magharibi.
12 Agosti, 1974.

Mpendwa kaka Protase,

Kasinge waitu. Natumaini joto la Tanga halijakumaliza, na kile kikohozi ulichokitaja wakati wa Pasaka kimekuacha. Wifi yangu Klaudia hajambo? Na watoto, bado wanakataa matoke wakisema ni chakula cha wagonjwa? Waambie shangazi yao amekasirika, naye akikasirika hachezewi.

Mimi mwili ni mzima. Kahawa tumekwisha kuianika, na yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Hayo ndiyo mazuri yote niliyo nayo, nimeyatanguliza kwa makusudi. Sasa keti, kaka.

Ninaogopa. Nina miaka thelathini na minne, nimezika mume nikarudi hapa kwa Tata kama binti ambaye hajaolewa, na sijawahi kuogopa namna hii. Mtu akibisha hodi mchana kweupe, kisu cha kumenyea ndizi kinaniponyoka.

Ilianza Jumapili ya tarehe 28 Julai, kwenye ubatizo wa mjukuu wa mama Alistidia, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara. Unajua macho ya Tata yamefifia. Wapishi walikuwa wageni kutoka Kibeta, hawajui nani hapa ana mwiko gani. Tata akawekewa samaki. Akala, akasifu mchuzi, akaomba aongezwe. Ndipo Buberwa aliposimama na kuuliza kwa sauti ya kuhubiri: "Mzee Karugendo, tangu lini ukoo wetu unakula kamongo?"

Nilisema wapishi wamekosea, mzee haoni, watu wakaitikia. Lakini unajua tulivyolelewa: mtu akila omuziro, ule mwiko wa ukoo wake, hata kwa bahati mbaya, ngozi yake hutoka mabaka. Basi wakaanza kuja kumjulia hali. Jumatatu watu watatu, Jumanne sita. Wanakaa, wanatafuna kahawa yetu, wanamwangalia Tata mikononi na shingoni. Siku ya nne hawakuja tena. Tata hakuwa na kipele hata kimoja.

Kwa hiyo ile siri aliyotuambia mama, wewe na mimi tu, sasa imo midomoni mwa watu. Kwamba Tata alitoka Urundi akiwa kijana, akibeba magunia ya kahawa. Kwamba marehemu Ndyamukama wa ukoo huu alimpenda wakala omukago, kila mmoja akameza punje ya kahawa iliyochovywa katika damu ya mwenzake, na tangu siku hiyo Tata akawa ndugu, akapewa ukoo, mwiko na hiki kibanja cha migomba. Mbegu mbili za tunda moja, mama alikuwa akisema. Sisi tulizaliwa humo, kaka, hatujui kwingine.

Mwaka mwingine ingekuwa porojo ya kilabuni tu. Mwaka huu kamati ya kijiji inaandikisha kaya zote upya, na mwenyekiti wake ni Buberwa. Ndiyo, yule yule aliyekuwa akilia ukimshinda mieleka. Wenyeji wanaandikwa kwenye vibanja vyao. Wa kuja wanapelekwa kijiji kipya kule kwenye rweya, kwenye nyasi tupu, mahali ambapo mgomba haushiki mpaka umwage samadi miaka na miaka. Tata ataianza lini kazi hiyo? Kibanja kitarudi kwa ukoo, na ukoo siku hizi ni Buberwa na ndugu zake. Tena tangu wakimbizi waanze kuingia kutoka Burundi mwaka juzi, mtu mwenye asili ya kule hutazamwa mara mbili. Mkutano wa kuamua ni Jumamosi, tarehe 31.

Tata aliwapelekea kadi yake ya TANU ya mwaka 1958. Buberwa akaigeuzageuza, akasema kadi inaonyesha chama, haionyeshi ukoo. Nilitaka kumuuliza, wale waliofuta machifu ndio leo wanaouliza ukoo wa mtu? Sikuuliza. Mimi, Felicitas, ambaye ulinipachika jina la kengele ya misheni, nilimshika Tata mkono tukarudi nyumbani.

Nikaenda kwa Rugaibula. Usishangae. Katika mashahidi wa omukago ule ndiye pekee aliyebaki hai. Ni yule yule mtwazi wetu wa zamani, ambaye Tata alimpelekea pombe na ndizi kila mwaka ili tuendelee kukaa hapa. Na mwaka ule nyarubanja, ule ukabaila wa ardhi, ilipofutwa, mimi ndiye niliyewaongoza wanawake kuimba langoni kwake kwamba hatutampigia magoti tena. Basi nilipiga magoti, kaka, kwenye tope, mbele ya nyumba yake ambayo sasa inavuja. Aliniacha hapo muda mrefu kuliko ilivyostahili. Ningekuwa yeye ningefanya vivyo hivyo.

Anakumbuka kila kitu, hata kisu alikishika yeye. Lakini akaniambia: "Mwanangu, zamani neno langu lilimpa mtu kibanja. Leo nikisimama kumtetea Karugendo, watasema mtwazi anamtaka mtu wake. Nitamwangamiza. Mtoto wake wa kiume asimame kwanza, ndipo nami nitasimama."

Wa kiume, waitu. Mimi nimepalilia kibanja hiki hadi mgongo umepinda, lakini kwenye mambo ya ukoo neno langu ni moshi wa jikoni.

Nikuambie na upuuzi nilioufanya, usimwambie hata Klaudia. Nilinunua kipande cha kamongo Kemondo, nikakipika nikiwa peke yangu, nikakaa mbele ya sahani. Sikuthubutu kuonja. Sikujua kipi kingenitisha zaidi, kutoka mabaka au kutotoka. Mwishowe nilimpa paka.

Lakini hofu yangu kubwa si Buberwa, ni Tata mwenyewe. Mama tulimzika makaburi ya misheni, kwa hiyo kibanja chetu hakina kaburi hata moja. Na hapa kwetu, kibanja alicholala mwenye nyumba nani atathubutu kukigusa? Tata ameliwaza hilo. Jumanne iliyopita alipima mahali kwa fimbo yake, nyuma ya ile migomba ya pombe, akaniambia nipakumbuke. Tangu hapo akaacha kula. Nilidhani ni tumbo. Nilipombana, alinijibu kwa upole kabisa: "Mashahidi wangu wamekufa, Felicitas. Kaburi halihitaji shahidi."

Anataka afe kabla ya tarehe 31 ili sisi tubaki. Nililia, nikamfokea kama mtoto wangu, nikamwita padre. Padre akamwambia ni dhambi. Tata akamjibu kwamba yeye hajiui, hana njaa tu.

Ninajua ninachokuomba. Ukisimama pale utasema mbele ya watu kwamba baba yako alitoka Urundi, na maneno hayo yatafika ofisini kwako Tanga kabla yako. Najua umekwisha kujaza fomu nyingi za serikali, na kwenye kila moja umeandika Mhaya. Ukiogopa sitakulaumu, maana nami usiku na mchana naogopa. Usipokuja nitasimama mimi, moshi na uwe moshi. Ila sina hakika kama Tata atakuwa hai kunisikia.

Treni hadi Mwanza, halafu meli inayoingia Bukoba Alhamisi tarehe 29. Nitakuwa gatini tangu asubuhi. Usiniandikie kwamba unakuja, barua haitafika kwa wakati. Njoo tu.

Shangazi Benadetha wa Kahororo anakusalimu, na mkeka wako ameumaliza. Mwalimu wako Ayubu naye anauliza kama bado unaandika herufi kubwa kama nyumba. Anasema Walutheri nao wanatuombea. Mbusu Klaudia na watoto kwa niaba yangu. Mungu aliyemvusha Tata mito yote ile akiwa kijana, hana mtu wala fimbo, akuvushe nawe ziwa salama.

Jana nilimwambia Tata kwamba nakuandikia uje. Akauliza meli inaingia siku gani. Nikamwambia. Leo asubuhi amekula ndizi tatu na maharage kidogo, bila kubembelezwa. Amesema atakula mpaka Alhamisi hiyo.

Ni mimi mdogo wako akupendaye na kukungoja,
Felicitas