Latifu na gari la viti viwili

Shoga, uko wapi? Harusi ya Latifu imekuwa sinema!

Lile gari lake la Kitaliano, la wazi, alilolikuta Kibaha kuku wanatagia ndani, akalitengeneza mpaka likang'aa? Leo kaenda nalo Kibuta kumchukua Firdausi. Kanzu, joho, na miwani ya jua!

Bi Mwanaamina, somo aliyemfunda Firdausi, akalizunguka. "Mimi nakaa wapi?"

Latifu akacheka. "Bibi, hili lina viti viwili tu."

"Ndiyo nauliza. Mimi nakaa wapi?"

VITI VIWILI, shoga! Na mwali haondoki kwao bila somo wake, hata mtoto anajua. Kaagiza bolti mpaka Italia, kiti cha somo hakukiwaza!

Bi Mwanaamina akafungua mlango, akakaa, akafunga mkanda. Firdausi akanyoosha mkono wenye hina: "Nipe funguo." Si ana leseni!

Wametangulia wao kwa vigelegele, bwana harusi nyuma kwenye bodaboda, anakula vumbi mpaka Kisarawe.

Na njia nzima anapiga kelele: "Taratibu na gia! Taratibu na gia!"

Siku ya ndoa yake, shoga. Analilia gia.