Mubilizi wa Mama na Betri za Deo

Mama yangu mpendwa,

Shumalamu, Mama. Goti limetulia? Na mvua imeingia vizuri huko Nshambya? Mimi huku India ni mzima, ila pilipili zao zitanimaliza.

Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu simu yako haitoki mkononi mwa kaka Deo, na haya nataka uyasome wewe mwenyewe.

Mama weee! Yale majani machungu ya mubilizi uliyonifungashia kwa ajili ya tumbo, mwalimu wangu wa maabara aliyaonja, akakunja uso, akasema tuyapime. Tukawapa panya maji yenye risasi, yale madini yenye sumu ya kwenye betri za magari, wengine tukawaongezea majani yako. Juzi tumetazama maini: waliokunywa mubilizi wana afadhali kubwa! Nilipiga kigelegele mle ndani, wenzangu wakadhani nimeungua. Jani lina vitu vinavyoukinga mwili usiliwe na sumu, kama rangi inavyolikinga bati na kutu. Uchungu ule tuliokuwa tunaukimbia utotoni, kumbe!

Ndiyo maana niliwapigia jioni ile huku napiga kelele. Na Deo akajibu nini? "Basi dada, mimi mubilizi nakunywa kila asubuhi. Sasa nayeyusha betri bila wasiwasi." Halafu nawe ukaniambia kwa furaha kwamba majivu ya moto wake unayamwaga kwenye migomba, kama tunavyofanya na ya jikoni. Mama, hayo si ya jikoni! Yana risasi ile ile anayowauzia wavuvi ya kuzamishia nyavu. Inabaki kwenye udongo, na mjukuu wako Ana, mtoto wa huyo huyo Deo, anacheza hapo hapo, kisha analamba vidole.

Mubilizi unapunguza tu, haumalizi. Tena hao ni panya, bado hatujajua kwa watu. Usimwage tena majivu yale, tafadhali sana, na Ana apelekwe hospitali akapimwe damu. Tumbo lake linaloumauma kila mara linanitia hofu.

Nisalimie shangazi wa Muleba, mwambie kahawa yake nainywa kwa kujificha ili wenzangu wasiimalize. Wifi yangu, mama Ana, naye mkumbatie. Deo mpe salamu hizi: panya wangu wanakunywa sumu kwa sababu mimi ndiye ninayewawekea. Ana anawekewa na nani?

Mwanao anayekukumbuka sana,
Kokushubira