Mu jeu hapana matabishi

Butembo, siku ya ine

«Bei ni bei!» Ile neno bado inanizunguka mu kichwa, sitalala.

Nilienda misa ya marehemu, nikaachia mudogo wangu Kambale butiki. Mama Katungu akakuja kununua maharagi. Alipimiwa, akabakia kupanua kitambaa, anangojea matabishi, kale kaganja kadogo ka bure ka kuongezea juu. Kambale akamuambia: «Mama, bei ni bei.» Mama Katungu akamwaga maharagi yote chini, akaenda kununua kwa jirani. Muteja wa tangu wakati ya mama yetu!

Ni ile jeu yake ya ordinateur, muchezo wa mu kompyuta. Mule anatembeza mutu wa upanga, ananunua ngozi mu muji moja, anaenda kuuzisha mu ingine. Bachuuzi ba mule habana matabishi, habaulizi hata habari ya batoto. Mupumbafu huyu anazani ile ndiyo biashara.

Magaribi akaniita: «Yaya, angalia, niko tajiri!»

«Toka muji ile mupaka hii, kuko barrière ngapi za kulipisha njia?»

«Hakuna barrière, yaya.»

«Na basoda benye bunduki?»

«Hakuna.»

«Donc, basi haukuuzisha kitu. Ulitembea tu.»

Akaendelea kucheza. Kesho ni mimi ninashuka muji wa Beni kuuzisha chumvi. Juzi camion, lori ya bachuuzi, ilirudi toka kule bila bamama benye balipanda juu yake. Hakuna mutu anauliza...

Niliinuka nizime groupe, ile mashini ya umeme. Mukono ikabakia juu ya swichi, sikuizima.

Nikamuambia, na hasira yangu yote: «Tembea tena ile njia yenye haina barrière. Nione.»