Mkono Kabla ya Kusimama

Kopenhagen, Jumatano

Shangazi Bergtóra,

Wewe ndiye wa kwanza kujua: chuo cha uuguzi cha huku Kopenhagen kimenikubali, na Mama nimemwambia bado sijajibiwa. Tangu Baba atuhame, tuko wawili tu pale nyumbani.

Nilipopata jibu nilikodi baiskeli, nikafuata njia ya kijani inayokatiza mji, mahali palipopita reli zamani. Ina miti ya tufaha na vibanda vya soseji. Nikasimama ghafla kutazama mabata, na bibi mmoja aliyekuwa nyuma yangu kwa baiskeli nusura anigonge.

"We binti! Ukitaka kusimama, inua mkono! Sisi wa nyuma tupige ramli?"

"Samahani, Bibi. Kwetu visiwani Faroe baiskeli ni chache."

"Na mimi meno yangu ni machache. Haya, inua nione!"

Nikainua, juu kabisa, mpaka akacheka. Sasa nainua hata nikiwa peke yangu njiani.

Narudi Jumapili. Mama ndiye aliye nyuma yangu kabisa, na hajui kitu. Nataka ajue kwangu mimi, mapema. Mpaka hapo, Shangazi, tafadhali usimwambie.

Binti yako,
Marjun