Laurenti Anakuja Kukuomba Kiwanja

Matombo,
Morogoro.
9 Novemba 1998

Mpendwa Mjomba Castory,

Shikamoo. Huko Tanga hamjambo? Mguu umepoa? Sisi wazima. Mama amenenepa, na mimi nimezidi kupendeza, tusifichane.

Unamkumbuka Laurenti, mnunuzi wa ndizi mwenye lori? Masika iliyopita alichelewa makusudi mpaka ndizi zikatuivia. Alipofika akaisukuma mikungu ya mama kwa kiatu. "Hizi kawape nguruwe, bi mkubwa." Mbele za watu! Mama akainama kuiokota. Mimi niliapa kumlipiza.

Kiangazi akaja mtaalamu wa mradi, akawafundisha akina mama kukausha ndizi kwenye vichanja vya nailoni. Ndizi kavu haimngoji mwenye lori. Dada Hidaya anaziuza mjini, na sehemu ya faida inanunua dawa za zahanati yetu. Mtaalamu anasema huo ndio ujasiriamali wa jamii. Jina refu kwa mtu aliyeishia darasa la tano, ila maana nimeikamata: watoto wanapona, Laurenti anaugua.

Utamu hasa ni huu. Kile kiwanja cha barabarani Laurenti anapopakilia ndizi, alikubaliana na baba akitumie, akampa mbuzi. Mtu wa kuja yule, hakujua kwetu ardhi ni ya ukoo wa mama, baba ni mkwe tu! Baba kala mbuzi, kanyamaza. Nami nikasimika vichanja katikati ya kiwanja, huku napiga mluzi. Lori likakosa pa kusimama.

"We mtoto, ondoa takataka zako! Nimeongea na baba yako!"

"Basi kamdai mbuzi, mzee."

Sasa kaambiwa mwenye kauli ya ukoo ni wewe. Akishauza mahindi yake Gairo, anakuja kwako. Ukimkubalia, vichanja vinang'olewa na dawa zinakwisha. Ndiyo maana barua hii nimempa Yunusi, utingo wa basi, ikufikie kabla yake.

Lakini usimfukuze, mjomba. Mlishe, mwache ajieleze mpaka mate yamkauke. Halafu mwambie akamwombe dada yako. Arudi njia yote hiyo, asimame mbele ya mama, palepale aliposukuma mikungu yake. Mimi nitakuwa nyuma ya mama, natafuna ndizi kavu.

Nisalimie mkeo na mwanao Oscar. Mwambie bado namshinda mbio. Mungu akuponye mguu, upate nguvu za kumsindikiza mgeni wako hadi stendi.

Ni mimi mpwa wako akupendaye,
Ernest