Ruhusa ya Kupiga Kelele

Jumanne, Timbwani. Mvua ya asubuhi imeacha fukuto, na mimi nina hasira tangu adhuhuri. Mimba ya miezi minane haisaidii.

Leo nilikwenda kukitazama kituo cha wakunga nitakakojifungulia mtoto wangu wa kwanza, inshallah. Naandika "nilikwenda". Ukweli ni kwamba aliyekwenda ni mavyaa, mama wa mume wangu. Mimi nilikuwa mzigo wake.

Mkunga akaniuliza kama mtoto anacheza. "Anacheza sana," akajibu mavyaa. Nalala vizuri? "Analala." Miguu inavimba? "Kidogo tu." Nikajishika tumbo kuhakikisha bado liko kwangu.

Kituo chenyewe nimekipenda. Hapana daktari, ni wakunga watupu, na wanakwambia mapema: ikitokea shida, gari liko nje, unapelekwa hospitali kubwa bila kubembelezana. Mambo yakienda sawa, unatembea, unakunywa uji, unakalia mpira mkubwa, unachuchumaa ukitaka. Mimi nilijua kuzaa ni kulala chali na kutukanwa. Ndivyo walivyonisimulia wote walionitangulia.

Nikauliza swali langu moja. "Sista, na nikipiga kelele?"

"Piga, mama. Hapa hatumzibi mtu mdomo."

Mavyaa akacheka kile kicheko chake cha wageni. "Usimfunze hayo, mwanangu. Mimi nimezaa sita, na jirani wa ukuta mmoja alijua alipoona nepi kwenye kamba. Sisi hatupigi kelele."

Sisi! Nimeolewa mwaka jana tu.

Wifi yangu alilia akizaa. Mwanawe sasa anakwenda madrasa, na mpaka leo kila penye harusi mavyaa anamuigiza, watu wanashika mbavu. Wifi naye hucheka. Nimemtazama macho akicheka.

Siogopi uchungu. Naogopa nitashughulika kubana meno badala ya kuzaa.

Chumbani unaingia na mtu mmoja tu. Mkunga alipouliza nani, mavyaa alishaweka buibui sawa kama anayeitwa kupokea zawadi.

"Dada yangu Mwanaisha," nikasema.

"Mwanaisha wa Chaani?" mavyaa akaruka. "Na feri ikikwama?"

"Atakuja mapema, Mama. Atalala kwangu."

Kufika nyumbani, simu ya mume wangu: "Umemfanya nini Mama? Analia."

Kumbe kulia kunaruhusiwa.

"Mpe nafasi," akasema. "Ni siku moja tu."

Siku moja ya nani? Hakuuliza kwa nini nimemchagua dada. Hakuuliza hata mtoto amekaaje. Wala sijamfukuza mamake. Aje, apike supu, ampakate mjukuu mpaka mikono ife ganzi. Ila asisimame kichwani pangu akisikiliza kama natoa sauti.

Mkunga alisema mpaka Ijumaa naweza kubadili jina la nitakayeingia naye. Katika yote niliyomsimulia mume wangu, hilo ndilo alilolishika.

Nimemwambia nitafikiria. Wallahi sifikirii kitu. Mwanaisha nimeshamwandikia afungashe nguo.

Kesho wataniomba tena, kwa upole, na chai ya maziwa. Chai nitakunywa.